Baba Pacha Aandika Jinsi ya Kuwasha Tanuri

"Mama Pacha! Msimamizi wa matanuri anastaafu!"

Baba Pacha alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kiwanda cha mikate. Hata viatu hajavua.

"Tajiri amesema nafasi ni yangu, nikiandika maelezo ya kuwasha tanuri. Mfanyakazi mpya ayasome, aliwashe mwenyewe. Anayataka Jumatatu."

"Kaa uandike basi, bwana mkubwa!"

Baba Pacha alijifunza Kiswahili ukubwani. Kukizungumza, alikizungumza vizuri. Kukiandika kulimtoa jasho. Aliandika maneno matatu. Mkewe, aliyezaliwa nacho, akakata moja. Akaandika tena. Mkewe akakata mawili.

"Unaandika wewe au naandika mimi?"

"Nakusaidia, mume wangu."

"Unanisaidia kunyamaza." Akaisukuma kalamu. "Nafasi waichukue wengine."

Jirani yao alifundisha watu wazima lugha. Wakati huo aliingia kuazima pasi, akaiona karatasi.

"Shemeji, nani kaichinja hii?"

"Mchinjaji huyo hapo."

Mwalimu akacheka, akavuta kiti. "Kuandika kuna hatua. Ninyi mmeanza na ya mwisho. Kwanza nieleze kwa mdomo. Tanuri unaliwashaje?"

Baba Pacha akaeleza, mikono ikiruka hewani.

"Neno likikukimbia, weka la kwenu. Tutalitafuta baadaye."

Kisha Baba Pacha akaandika maneno makuu tu, akayapanga kwa mfuatano wa kazi. Ndipo akaandika sentensi, moja baada ya nyingine, bila kurudi nyuma. Karatasi ikajaa! Mama Pacha alikuwa ameikalia mikono yake isije ikadaka kalamu.

"Sasa, Mama Pacha, usisahihishe. Fanya anachokusomea."

Meza ikawa tanuri.

"Washa kiberiti," Baba Pacha akasoma. "Kisogeze kwenye tundu la moto. Fungua gesi."

Mama Pacha alisita, kiberiti cha kujifanya mkononi. "Nakisogeza vipi? Mlango hujaniambia nifungue."

Baba Pacha akashika kichwa. "Lo! Mlango ndio wa kwanza! Unafunguliwa, unasubiri gesi iliyobaki itoke. Ukiwasha kabla, inalipuka. Mkono wangu umezoea, nikasahau kwamba mgeni hajui."

Akainyakua kalamu mwenyewe, akaongeza.

"Herufi iliyokosewa isingemchoma mtu," mwalimu alisema. "Mlango uliosahauliwa ungemchoma. Ndiyo maana tunatengeneza maana kwanza."

Herufi zikaja mwisho. Mwalimu alimwonyesha makosa yaliyojirudia tu, naye akayasahihisha. Machache yaliyobaki akamuuliza mkewe.

"Leo naulizwa!" Mama Pacha akasema. "Nilikuwa napiga mbio mbele ya mwenye safari."

Baba Pacha akanakili yote kwa mwandiko safi.

Jumatatu, tajiri alimpa mfanyakazi mpya karatasi ile, akasimama kando pamoja na Baba Pacha. Kijana alisoma kwa kidole. Akafungua mlango. Akasubiri. Kijana akasoma tena, akawasha kiberiti, akakisogeza, akafungua gesi. Moto wa buluu ukatambaa kimya kimya hadi mwisho wa bomba.

"Mbona hukuuliza kitu?" tajiri akamwuliza kijana.

"Niulize nini, bosi? Yote yamo humu."

Tajiri akamgeukia Baba Pacha.

"Msimamizi, umesimama tu? Unga unakusubiri."