Mkate Msumarini

Botir alirudi kutoka hospitali mwezi wa saba, na jambo la kwanza lililomshangaza mkewe ni kwamba hakuuliza habari za mkate wake.

Siku gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua, mama yake, Bi Hosiyat, alitoka mbio na mkate wa tanuri ambao bado ulikuwa wa moto. Botir akaung'ata ukingoni, kama wafanyavyo watu wa mji wao wa Margilan wanapoaga kwa safari ndefu, kisha mkewe Mavluda akautundika kwenye msumari juu ya kabati la vyombo. Mkate wa namna hiyo haumhusu mtu mwingine. Unamngoja mwenyewe arudi aumalize, hata ukiwa mgumu kama tofali. Alama ya meno ilikaa wazi, na katikati yake kulikuwa na kinundu kidogo pale palipokosa jino, maana Botir tangu utotoni alikuwa akivunja kokwa za aprikoti kwa meno, haambiliki. Kila alipopita jikoni Mavluda alikigusa kile kinundu, akamwomba Mungu amrudishie mwenye pengo lake.

Alfajiri moja Bi Hosiyat akamwingiza Botir kwa mlango wa bustanini. "Wamemruhusu," alisema, hakumtazama Mavluda usoni. "Walinipigia mimi."

"Hata mkate wako huuoni?" Mavluda alimtania mumewe huku machozi yakimtoka. "Au huko walikuwa wanakulisha pilau?"

"Baadaye," alijibu. Sauti ilikuwa yake, ila kavu. Barakoa hakuivua. "Bado naweza kuwaambukiza."

Basi wakaishi hivyo. Alikula peke yake chumbani, mlango umefungwa, na sahani zilirudi safi kama zimeoshwa. Usiku alilala kando ya Mavluda, barakoa usoni. Mito ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Mavluda hakushtuka, kwa sababu mtaa mzima ulinuka moshi. Kila nyumba ilifukiza majani ya isiriki asubuhi na jioni kufukuza maradhi, na majivu yalirundikwa nyuma ya tanuri, pale ambapo siku za kawaida hakuna anayepita bila bismillahi, kwani majini hukaa majivuni. Siku hizo nani alikuwa na nafasi ya kuogopa majini? Kilio kilisikika nyumba ya tatu, kikakatika ghafla. Matanga yalikuwa yamepigwa marufuku, na watu walilia wakiwa wameziba midomo kwa mitandio.

Kilichomsumbua Mavluda kilikuwa kifua chake. Alipotaka kupuliza moto, pumzi haikufika kwenye kuni. Kuliita jina la binti yake, Rano, kulimlazimu apumzike katikati. Bi Hosiyat alimpikia supu na kumfunika shali mabegani. "Ni uchovu tu, mwanangu. Kaa karibu na mumeo, utapona."

Adhuhuri moja Rano alimfuata jikoni, akamvuta nguo.

"Mama, kwa nini baba hapumui?"

"Anapumua, mwanangu. Mtu asiyepumua anakufa."

"Nililala kifuani kwake. Kimya." Mtoto akashusha sauti. "Lakini wewe ukilala, yeye ndiyo anavuta pumzi. Anavuta ya kwako."

 Mavluda alijifunga mtandio, akaenda kugonga kwa Bi Otin, mwalimu wa Kurani wa wanawake wa mtaa, ambaye aliwahi kufukuza majini yaliyowapanda watu. Bi Otin alichungulia langoni akiwa amevaa barakoa mbili.

"Rudi nyuma! Rudi nyuma zaidi! Jini siliogopi mimi, ninachoogopa ni kikohozi chako." Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha mzaha ukamtoka usoni. "Amekula mkate wake?"

"Anasema baadaye."

"Mwenye mkate hasemi baadaye. Mteremshie leo, jua bado kali. Mwambie, kama ni wako umalize. Na mtoto asiwepo."

Mavluda alimpeleka Rano kwa jirani, akauteremsha mkate, akauweka mbele ya mumewe aliyekaa kitini chini ya mzabibu.

"Usimpe!" Bi Hosiyat alitoka jikoni mikono imejaa unga. "Mavluda, mwanangu, nakuomba, usimpe!"

"Kama ni wako," Mavluda alisema, "umalize."

Nyigu waliokuwa kwenye zabibu wakanyamaza, na yule aliyevaa shati la Botir akaunyanyua mkono wa Botir wenye kovu la Botir, akaishusha barakoa polepole, na kinywa kikafunguka, kikaendelea kufunguka kupita pale taya la mtu linapokoma, na ndani hamkuwa na pengo kwa kuwa hamkuwa na jino hata moja, wala ulimi, ila majivu, majivu yaliyolowa yakimwagika juu ya mkate na juu ya vidole vya Mavluda aliyeshindwa kupiga kelele kwa kukosa pumzi ya kupigia. Shati likaanguka tupu kitini.

"Umemuua mwanangu mara ya pili!" Bi Hosiyat alijipiga kifua.

"Mara ya kwanza alikufa lini?" Mavluda aliuliza kwa sauti ndogo.

Bi Hosiyat alikaa chini kwenye vumbi. "Usiku uleule waliomchukua. Walimzika ndani ya mfuko, hata maji hakuogeshwa. Nilikwenda kwenye majivu nikamwita. Akaitika."

"Bure?"

"Jini lilitaka pumzi ya mtu wa nyumba hii. Yangu imebaki kidogo."

"Ukalipa yangu."

"Wewe bado kijana. Nilidhani itatutosha sote."

Mavluda alimtazama mwanamke aliyemwita mama miaka yote ya ndoa yake. Mwezi mzima alikuwa mjane na hakuambiwa. Alilichekea jini, akalipikia jini, na hakumlilia mumewe hata siku moja. Hata hivyo jini halikumuumiza moyo sana. Jini halikuwahi kumwita mwanangu.

Kesho yake alimchukua Rano, akaondoka kwenda kwa wazazi wake Kokand. Pumzi ilimrudia kidogo kidogo. Alivaa nguo za eda, akalia hadi macho yakavimba.

Jioni moja alikuwa anamsuka Rano nywele barazani, simu ikalia. Alikuwa Bi Hosiyat, na sauti yake ilijaa furaha.

"Ahsante, mwanangu! Nilijua hutaninyima mjukuu wangu. Ameingia sasa hivi kwa mlango wa bustanini."

"Nani?"

"Rano. Huyu hapa, anakula mkate wake. Nimemtazama kinywani, meno yote yapo."

Ndani ya simu mtoto alicheka, kicheko cha Rano hasa. Mavluda aliugeuza uso wa binti yake kwa mikono miwili.

"Rano, bibi alikupa mkate?"

Mtoto aliinamisha kichwa. "Siku tunaondoka. Niliung'ata, akautundika. Akasema nisikwambie, ni siri yetu mimi na..."

Alifungua mdomo amalizie, akashindwa. Pumzi ilikuwa imemwishia.