Stendi Fupi ya Spika

Rafiki yangu kinyozi si mtu wa kutunga maneno, na anaishi peke yake, shikeni hilo. Alimwita seremala amtengenezee stendi mbili za spika. Seremala akamkalisha kwenye kochi ampime, maana spika hutakiwa kuwa kimo kimoja na sikio la msikilizaji. Mara umeme ukakatika, akaendelea kupima kwa kupapasa. Gizani kochi likalia nyiii, likadidimia. Kinyozi akadhani fundi ameketi.

Stendi zilipoletwa, moja ilikuwa fupi.

"Fundi, ulikuwa umelewa?"

"Kaka, si mlikuwa wawili? Ndefu ni yako, fupi ya yule bibi. Sikio lake baridi kama chuma! Alinishika mkono, akaninong'oneza: 'Shusha kidogo, mwanangu, nisikie.'"