Tatu Iliyogeuzwa Nne

Jumamosi asubuhi Mbinya alikuwa akianika sare zake nyuma ya nyumba yao, Kombani, aliposikia mtu akipiga hodi. Mlangoni alimkuta mama asiyemfahamu. Viatu vyake vilijaa vumbi, na mkononi alishika karatasi iliyokunjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Bi Jumwa, nimetoka Kinango. Nimeelekezwa kwa Muindi, fundi wa kompyuta."

"Ni kaka yangu. Ametoka alfajiri kwenda kazini Diani, na simu yake haipatikani. Karibu uketi."

Bi Jumwa aliketi barazani, akanywa maji, kisha akaeleza shida yake. Binti yake Judy alikuwa kidato cha nne. Alikuwa ameunda kompyuta nyumbani kwa vipande alivyopewa na jamaa na walimu, ili amalize mradi wake wa mtihani. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: memori, kile kipande chembamba ambacho bila hicho kompyuta haiwaki. Mradi ulitakiwa shuleni baada ya siku tisa.

"Ameniandikia hapa," alisema. "Nilitaka Muindi aitazame kabla sijaenda kununua Ukunda. Miwani yangu imevunjika, na mambo haya mimi siyajui."

Mbinya angeweza kusema, "Hata mimi siyajui, tumngoje kaka." Lakini mgeni alikuwa ametoka mbali, naye aliona haya kumrudisha mikono mitupu. Tena kulikuwa na jambo jingine. Tangu yeye na Muindi waunde kompyuta yao, wenzake shuleni walimwita Injinia, na jina hilo lilikuwa tamu. Ukweli ni kwamba memori ya kompyuta ile aliichagua Muindi. Yeye aliibonyeza tu mpaka ikakaa.

Aliifungua karatasi. Ilikuwa imeandikwa aina ya memori na ukubwa wake: DDR3, jibi 8. Mbinya alikumbuka kuona DDR4 kwenye boksi moja la kaka yake. Nne ni mpya kuliko tatu, aliwaza, basi nne ni bora. Aliingia ndani, akachukua kalamu, akaifuta tatu na kuandika nne.

"Iko sawa, mama," alisema aliporudi. "Mpe muuzaji karatasi hii." Hakusema kwamba ameibadilisha.

Jumatano jioni Bi Jumwa alirudi. Safari hii Muindi alikuwepo.

"Memori imekataa kuingia," alisema mama yule huku akiitoa kwenye mkoba. "Nilirudi dukani. Wanasema wamenipa kilichoandikwa, na kweli ndivyo. Wamekubali kunibadilishia, lakini ile ninayohitaji imekwisha, mpaka baada ya wiki tatu. Nilimgombeza Judy jana mpaka akalia! Nilimwambia, umenitembeza jua kali kwa sababu ya haraka yako ya kuandika. Naye anashikilia aliandika tatu."

Muindi aliitazama karatasi. "Hapa pamefutwa. Labda alijichanganya, mama."

Bi Jumwa akamgeukia Mbinya, akatabasamu. "Lakini huyu mdogo wako ana adabu! Alinipokea kama mamake. Nimemletea maziwa ya mgando ya ng'ombe wangu."

"Asante, mama," Mbinya alisema.

Bi Jumwa alipoacha namba yake ya simu na kuondoka, Muindi alimimina maziwa kwenye vikombe viwili, akanywa chake kwa mkupuo mmoja. Mbinya alikishika chake tu. Alimfikiria msichana ambaye hajawahi kumwona, akilia Kinango kwa kosa ambalo si lake. Akakirudisha kikombe mezani.

"Injinia, maziwa ya watu unayaangalia tu?" Muindi alimtania.

"Usiniite hivyo, kaka." Machozi yakamtoka. "Judy aliandika tatu. Mimi ndimi niliyeifuta."

Muindi akaleta vipande viwili vya memori kutoka kwenye boksi lake la vitu vibovu, akaviweka sambamba mezani.

"Hii ni DDR3, hii ni DDR4. Tazama pengo lililo chini. Limekaa mahali pamoja?"

"Hapana. Hili limesogea."

"Kwenye bodi, ile sahani kuu ya kompyuta, kuna kijino kinachoingia kwenye pengo hilo. Kisipokutana nalo, hata ubonyeze vipi haiingii. Memori nzuri ni ile inayokubaliana na bodi yako. Upya wake haukusaidii kitu. Judy alisoma bodi yake. Wewe ulisoma nini?"

Mbinya aliomba simu, akampigia Bi Jumwa, akaeleza yote bila kujitetea. "Nimemliza mtoto wangu bure," Bi Jumwa alisema polepole. Maneno hayo yalimchoma Mbinya kuliko matusi.

"Nisamehe, mama. Jumamosi saa nne nitakuwa kwako na memori inayofaa. Nakuahidi."

Siku mbili Muindi aliuliza kwa mafundi wenzake wote wa Ukunda. Hakuna aliyekuwa nayo. Ijumaa jioni alisema, "Ninayoijua ni moja tu. Imo ndani ya kompyuta yetu. Tukiitoa, kompyuta itakaa gizani wiki tatu, mpaka duka libadilishe ile nyingine. Ahadi uliitoa wewe, sitakuamulia."

Mbinya alifikiri juu ya picha aliyokuwa akichora kwenye kompyuta ile, iliyobakiza kutiwa rangi ya bahari tu. Akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta, akaitoa memori kwa vidole viwili.

Kesho yake, kabla ya saa nne, yeye na Muindi walikuwa Kinango. Judy aliwapokea mlangoni, akamtazama Mbinya kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe wewe ndiwe mwalimu wa hesabu, unayegeuza tatu kuwa nne?"

"Ndimi. Nisamehe, dada. Ulilia kwa sababu yangu."

Judy alijaribu kununa, akashindwa. "Lete basi. Safari hii usiandike kitu."

Memori iliingia kwa mlio mdogo. Feni ikazunguka, kioo kikawaka. Judy alipiga vigelegele.

Bi Jumwa alimshika Mbinya begani. "Sikiliza, mwanangu. Ungeniambia hujui, ningepumzika kivulini nimngoje kaka yako, na nisingekudharau. Kusema sijui si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako abebe kosa lako. Umechelewa kusema, lakini umesema, na umekuja."

Judy alikuwa ameanza kuvuta kiti, akasita. "Na kompyuta yako itawaka na nini?"

"Itangoja," Mbinya alisema, akampisha aketi.