Mkono Uliofumuliwa

Mama Pacha alipiga yowe ambalo lilisikika hadi barabarani.

Alikuwa ametangulia ukumbini asubuhi ile kutandaza kitambaa walichotarizi kina mama waliofiwa kwenye moto wa kiwanda cha nguo. Picha zote zilikuwapo: mashine, moshi, wasichana wakigonga mlango. Ila mkono mwekundu uliokuwa ukizungusha ufunguo kwa nje haukuwapo. Palibaki peupe.

"Leo mchana tume ya kuchunguza moto inakuja kukiona," alimwambia mpelelezi aliyeitwa, mwanamke mpole wa macho yasiyochoka. "Kiwanda kinasema mlango haukufungwa. Gazeti lililosema ulifungwa, likafungiwa. Kitambaa tu ndicho hawakukifungia, maana hawakujua kama kinasema."

"Wewe uliujuaje mkono?"

"Pacha wangu mmoja alinipigia simu yumo ndani. Alisema, 'Mama, kuna mkono umefunga, nimeuona kwenye kioo cha mlango.' Uso hakuuona. Nimeshona alichoniambia, sikuongeza hata uzi mmoja."

Aliyekuwa amemkumbatia Mama Pacha ni Dada Msimamizi. Kiwandani alikuwa mkuu wa meza ya kufumua, palipopelekwa nguo zilizokosewa. Siku hizi ndiye aliyekuwa akiwafundisha kina mama kutarizi.

Mpelelezi akamwita mtunza ukumbi.

"Ufunguo ninao mimi, sikatai," mzee alijitetea. "Lakini afande, mimi hata kifungo cha shati nashonewa na mke wangu!"

Mpelelezi akalitazama shati. Vifungo viwili havikuwepo.

"Naye yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Jana jioni uliwafungulia akina nani?"

"Kina mama hawa, kama kawaida. Na wakili wa kiwanda. Huyo nilimwacha humu peke yake, nikaenda kufunga bomba la maji."

Wakili alipofika, alicheka. "Mimi nichane kitambaa cha wafiwa? Mnaniona sina kazi?"

"Hakijachanwa, kimefumuliwa." Mpelelezi akamnyooshea leso yenye ua la kutarizi. "Hebu lifumue."

Wakili akavuta. Akang'ang'ana. Akatia meno. Leso ikachanika katikati, na mtunza ukumbi akageukia ukutani kuficha kicheko.

Mpelelezi alipitisha kidole kwenye kile kipande cheupe. Hakuna palipokatwa. Hakuna hata palipokwaruzika. Akamwomba Mama Pacha alete kopo la nyuzi.

Mama Pacha akalifungua, akakunja uso. "Huu mwekundu ni wa mkono, una mikunjo ya sindano bado. Lakini sikuuweka mimi. Mimi nazungushia kwenye kadi."

Uzi ulikuwa umeviringwa kwa umbo la nane, umefungwa kiunoni. Mtu aliyechukia kitambaa angeutupa jalalani. Huyu aliurudisha kwenye kopo.

Mpelelezi akaketi karibu na Dada Msimamizi, akamwekea mapajani uzi wa bluu uliovurugika.

"Nishikie hapo, dada. Hivi kwenye meza yenu, uzi mkishaufumua mnaupeleka wapi?"

"Unarudi kazini. Kuutupa ilikuwa kosa la kufukuzwa."

Alipokuwa akijibu, vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. Kidole gumba, kidole cha mwisho, gumba, cha mwisho. Nane ikajitengeneza. Akaifunga kiunoni bila kutazama.

Mpelelezi akauweka ule uzi mwekundu kando ya wa bluu. Nyuzi hizo mbili zilikuwa mapacha.

"Dada," Mama Pacha alinong'ona, "umenifumulia mwanangu?"

Dada Msimamizi akaitazama mikono yake kana kwamba si yake.

"Nimeufumua mkono wangu. Bosi alisema, 'Funga, watatoka na vitambaa vyangu.' Nikafunga. Moto ulipowaka nilirudi na ufunguo, chuma kikawa hakishikiki." Akafunua kiganja chenye kovu. "Nawe ukakaa ubavuni mwangu siku zote hizi, unaushona mkono wangu, na kunisalimia 'shikamoo dada'. Jana mlipoondoka nikajificha chooni, nikaufumua, nikalala humu hadi mlango ulipofunguliwa."

Wakili alikuwa ameshasimama. "Basi yamekwisha. Picha haipo, tume itaona nini?"

"Itaona hiki," mpelelezi alisema. Akakinyanyua kitambaa dirishani.

Jua likapenya. Kila mahali sindano ilipopita palikuwa na kitundu, na kila kitundu kikawaka. Vidole vitano. Kifundo. Ufunguo. Mkono ulikuwa umerudi, safari hii umechorwa kwa mwanga, na kina mama wakapiga vigelegele hadi mtunza ukumbi akasahau shati lake lisilo na vifungo, akainua mikono juu.

Tume iliukuta ukiwa bado dirishani. Dada Msimamizi ndiye aliyesimama wa kwanza kueleza, kiganja wazi, akamtaja bosi kwa cheo chake na maneno yake. Mwenyekiti akaagiza bosi aletwe siku hiyohiyo. Wakili akakaa chini polepole, akajipangusa jasho kwa leso iliyochanika.

Kabla askari hawajaondoka na Dada Msimamizi, Mama Pacha alimtia sindano mkononi.

"Sijakusamehe. Shona. Vitundu vitakuonyesha njia."

Dada Msimamizi akaufungua uzi mwekundu, akashona huku machozi yakimwangukia. Mkono ulipokamilika, akauliza, "Na huyu aliyeniamuru, nimtarizi kwa rangi gani?"

Mama Pacha akaupima uzi uliobaki.

"Hiihii. Unatosha."