Vitabu vya Maporomoko

Vitabu vitano viliibwa katika maktaba moja mjini Morogoro ndani ya wiki moja, na hakuna kilichokuwa rafu moja na mwenzake.

"Kimoja cha jiolojia, kingine cha historia, kingine cha kilimo cha matuta," alisema Mikaeli, mkutubi. "Havihusiani, afande. Mwizi anaokota tu."

Inspekta Chausiku aliketi mbele ya kompyuta ya katalogi, akaandika jina la kitabu cha kwanza kilichopotea. Taarifa zake zikatokea: mwandishi, mwaka, namba ya rafu. Chini kabisa palikuwa na kichwa cha mada: Maporomoko ya ardhi – Uluguru.

"Nikibonyeza hapa?"

"Vinatokea vyote vyenye mada hiyo, hata vikiwa rafu tofauti."

Akabonyeza. Vikatokea sita. Vitano ndivyo vilivyoibwa.

Mikaeli alishika kichwa. "Cha sita kiko kwa fundi, kinashonwa upya."

"Kirudishe rafuni leo."

Kesho yake mchana, msichana mmoja alikichomoa kitabu kile, akakiingiza ndani ya baibui. Chausiku akamzuia mlangoni. Hakukimbia.

Aliitwa Yasmin, mwanafunzi wa ualimu. Vile vitano vilikutwa chumbani kwake Kilakala, vimefungwa kwenye kanga, havijachanwa hata ukurasa.

"Ulitaka kuviuza?" Chausiku alimhoji kituoni.

"Hapana."

"Kuvisoma?"

"Nimeshavisoma."

"Sasa uliviiba kwa nini?"

Yasmin aliinama. "Masika yaliyopita mlima ulishuka juu ya nyumba yetu. Mama na wadogo zangu wawili walikuwa ndani. Kiwanja alikichagua baba. Kaka yangu, Mansuri, anasema mteremko ule ulijulikana zamani. Kila Jumamosi yuko maktaba anatafuta. Ameapa akipata kitabu kimoja tu kinachosema hivyo, atampelekea baba, amwonyeshe kuwa ndiye aliyewaua."

"Na vinasema?"

"Vyote, afande. Kijiji chetu kimetajwa kwa jina." Sauti ikamkatika. "Baba anasema ilikuwa kazi ya Mungu. Akinyang'anywa hilo, hatanyanyuka tena."

Chausiku aliweka kalamu mezani. Alikuwa amepata ungamo, na hakulitaka.

"Afande, mahakamani vitasomwa majina?"

"Ni vielelezo, Yasmin. Lazima visomwe."

"Kaka atakuwepo. Na baba."

"Jalada limeshafunguliwa. Mimi siwezi kulifunga."

Msichana akalia bila sauti. Chausiku akatoka.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mzee mwembamba, viatu vimeganda udongo mwekundu. Alipomwona akajikongoja kusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Yunusi, babake Yasmin. Nimeambiwa ameiba vitabu." Alijaribu kutabasamu. "Huyu hajawahi kuiba hata embe. Hebu niambie, ni vitabu vya nini hivyo, mpaka ajivunjie heshima?"

Chausiku alimshika mkono.

"Kaa kwanza, baba."