Sahihi ya Bi Verna

Kila mama yake alipokwenda kupima nyumba, Tessa Hoekstra ndiye aliyeshika ncha ya utepe wa kupimia. Basi la shule lilimshusha njia panda, akaingia kwenye gari la mama, akala mkate wake wa siagi ya karanga, kisha kazi ikaanza. Mama yake, Joleen, alikuwa akijifunza uthamini, yaani kazi ya kukadiria thamani ya nyumba. Alipima, alipiga picha na kuandika ripoti, ila leseni hakuwa nayo bado. Ripoti zote zilisainiwa na mwalimu wake, Bi Verna Dykstra, aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini.

Alhamisi hiyo walipima nyumba kuukuu kando ya mashamba ya mahindi. Familia ya Brandt, yenye watoto wawili wadogo, ilitaka kuinunua kwa mkopo wa benki. Ripoti isipofika benki Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni, mwenye nyumba angemuuzia mtu mwingine. Na Bi Verna alikuwa kitandani, amepasuliwa nyonga.

"Mama, si usaini mwenyewe tu?" Tessa aliuliza. "Umepima kila kitu. Bi Verna hata hajaiona hii nyumba."

"Ndiyo shida yenyewe, binti yangu. Hajaiona, na mimi sina leseni."

Tessa akauvuta mkoba wake karibu. Mkobani mwake mlikuwa na karatasi ya shule ambayo mzazi husaini kila jioni, kuthibitisha kwamba mtoto amesoma kitabu dakika ishirini. Wiki hiyo sahihi zote za mama aliziandika Tessa, na kitabu hakukigusa.

Ijumaa saa tisa alasiri Bi Verna akaja kwenye nyumba hiyo kwa mikongojo miwili.

"Joleen, umenitoa kitandani na bado nauguza mshono," alisema. "Nyumba yenyewe iwe na maana!"

Alipita chumba kwa chumba. Katika chumba cha nyuma, ambamo watoto wa Brandt wangelala, alisimama ghafla. Akagonga sakafu kwa mkongojo. Akasogea hatua mbili, akagonga tena. Safari hii sakafu iliitika kwa sauti nzito, ya mbali.

"Funueni zulia."

Chini yake palikuwa na mfuniko wa mbao. Mama alipouinua, ubaridi ukawapiga usoni. Tessa akamulika kwa tochi. Lilikuwa shimo la matofali, pana karibu sawa na chumba, na chini kabisa maji meusi yametulia. Mbao zilizolifunika zilikuwa zimeoza.

"Umejuaje?" Tessa alinong'ona.

"Watu wa zamani walikusanya maji ya mvua shimoni, wakayanywa. Nimeona nje mabomba ya paa yote yanashukia upande huu. Nikajiuliza, maji yalikuwa yakienda wapi?"

Tessa alimtazama bibi huyo kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa ameketi sakafuni, amepauka. "Nilikipima chumba hiki mara mbili," alisema.

"Na vipimo vyako ni sahihi. Mengine utayajua, ndiyo maana bado nasaini mimi."

Mwenye nyumba, alipopigiwa simu, alikubali kulifukia shimo kabla ya mtu yeyote kuhamia. Bi Verna alisaini ripoti juu ya boneti ya gari, akaandika pia kwamba Joleen Hoekstra ndiye aliyepima. Mama aliituma kwa simu, na benki iliipata saa kumi na nusu.

"Tessa, sikiliza," Bi Verna alisema, kalamu bado mkononi. "Anayesaini anamwambia mtu asiyekuwepo: nimeona kwa macho yangu, na pakiwa na kosa niulize mimi. Usipoweza kulisema hilo, usisaini."

Tessa akatoa ile karatasi mkobani. "Mama, hizi si zako. Na sikusoma."

Bi Verna akachungulia. "Ehe! Hata herufi ya kwanza kaiiga vizuri, mjanja huyu."

Mama hakucheka. Alizikata sahihi zote nne kwa mstari. "Jumatatu utamweleza mwalimu mwenyewe. Leo soma, nikusikie."

Tessa akafungua kitabu kwenye kiti cha nyuma, akasoma kwa sauti njia nzima hadi nyumbani. Walipofika, mama alizima gari, akaomba kalamu, akasaini mara moja tu, kwa ajili ya Ijumaa.