Herufi Mbili za Wabwile

Duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitale lilijaa hadi mlangoni Jumamosi hiyo, na kijana aliyekuwa mbele ya Rahab alikuwa amemchosha mwenye duka.

"Gundi ya laba," kijana alisema kwa mara ya tatu.

"Lebo tafuta kwingine, sisi hatuna," mwenye duka akajibu, na foleni ikaangua kicheko.

"Anasema raba," Rahab akaingilia. "Ile gundi nzito ya raba."

Kijana akageuka. Alikuwa mrefu, jinzi imechakaa magotini, nywele zimenasa nyuzi za kijani. Akaitazama blauzi ya manjano ya Rahab, akatazama misuko yake mipya, akasahau alichokuja kununua.

"Asante, sista. Kumbe nimepata mkarimani."

"Mkalimani hafanyi kazi bure."

"Soda?"

"Na mandazi."

Jina lake lilikuwa Wabwile, mtu wa Chwele kule Bungoma, fundi wa kutandika nyasi bandia. Mwaka huo wa 2006 mafundi wa namna hiyo Kitale nzima ungewahesabu kwa kidole kimoja. Alipouliza njia ya kwenda Milimani kwa mzee Ngige, Rahab alipaliwa na soda.

"Hapo si ni kwetu!"

Mzee Ngige, muuza mbegu, alikuwa ameamriwa na daktari afanye mazoezi, naye hakutaka jirani amwone akitweta barabarani. Akaamua kujenga kiwanja cha tenisi nyuma ya nyumba. Wiki tatu Wabwile alishindilia kokoto, akasawazisha, akakunjua zulia la kijani. Wiki hizo tatu zilitosha. Kila jioni simu ya Rahab ililia.

"Lahab, umekura?"

"Kura ni mwaka ujao, Wabwile. Lakini chakula nimekula."

"Mimi nikisikia hiyo sauti yako nashiba, mlembo."

"Muongo wewe!"

"Kweri tena!"

Rahab alimpenda, asikudanganye mtu. Ndiyo maana alichofanya baadaye hakina kisingizio.

Binamu yake Mary Ann alikuja kutoka Nairobi, amevaa viatu virefu na miwani ya jua ndani ya nyumba. Jikoni akataka kujua huyo mpenzi ni wa sampuli gani. Rahab, kwa kutaka kuonekana wa mjini, akabinua midomo. "Lahab, mlembo wangu, nakupenda kweri kweri!" Mary Ann akacheka mpaka akashika meza. Rahab akarudia, safari hii akitia chumvi.

Dirisha lilikuwa wazi. Chini yake Wabwile alikuwa amepiga magoti akikata zulia penye maungio. Kisu kilimteleza, kikapasua kipande kizima.

Mzee Ngige alipoona alifoka. "Wewe ni fundi wa wapi? Hii kitu imetoka mbari!"

"Kosa ni yangu, mzee," Wabwile akasema. "Kisu imeenda kombo."

Rahab alisimama mlangoni akijua kosa ni la nani. Mdomo ulimwia mzito. Alimwacha mtu wa watu atukanwe mbele ya vibarua wake, akarudi jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Wabwile alitia kiraka, akamaliza kazi, akaenda. Simu zikakoma. Siku ya nne Rahab akampigia mwenyewe.

"Uko wapi siku hizi?"

"Bungoma, madam. Kuna uwanja ya watoto natengeneza."

"Si ungenipigia basi?"

"Sina nafasi, madam."

"Madam tena? Kwani sina jina?"

"Una jina."

"Basi nitajie."

Kisha, polepole: "Naomba nimwage mchanga kwanza. Siku njema."

Rahab alibaki ameishika simu. Aliyarudia maneno yale moja moja. Hapakuwa na ra. Hapakuwa na la. Mtu yule alikuwa anapapasa kila neno kabla ya kulitoa, na jina lake yeye halikuwa na pa kupita.

Kesho yake alikuwa Bungoma, ameulizia hadi akafika nyuma ya nyumba ya daktari mmoja palipotandikwa uwanja wa watoto, viatu vyake vizuri vimejaa mchanga.

"Nilikukosea," akasema mbele ya vibarua wote. "Nitukane. Lakini ongea na mimi kama zamani, tafadhali."

Wabwile alitupa brashi chini.

"Nitaongea! Lahab, uriniumiza bana! Nimepiga magoti pale kwenu, nafikilia vile nitaambia mzee nakutaka. Kumbe ndani ni kicheko! Na mzee akanifokea, ukanyamaza! Hiyo ya kucheka nimesamehe. Hiyo ya kunyamaza, ambia mzee mwenyewe."

Rahab akapiga simu nyumbani.

"Baba, lile zulia... Wabwile hakukosea. Nilikuwa namwiga akasikia. Vile anavyochanganya ra na la."

Mzee Ngige, ambaye siku zote hupiga kelele kwenye simu, alishusha sauti.

"Si ndivyo naongea mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi huwa unaniiga?"

Rahab akakumbuka shule ya bweni, kidato cha kwanza. Wasichana walimcheka kwa ra na la hizo hizo hadi akajizoeza mbele ya kioo kutamka vizuri. Kisha, apate kukubalika, usiku baada ya usiku aliwachekesha kwa sauti ya baba yake, baba aliyeuza ng'ombe kumlipia karo. Hakuna aliyewahi kujua. Alifungua kinywa ajibu, akatoa kilio.

Hasira ya Wabwile haikuwa imekwisha, lakini akaichukua ile simu mkononi mwa Rahab taratibu.

"Mzee, ni Wabwile. Anaria."

Kule Kitale mzee alivuta pumzi ndefu.

"Wacha arie kidogo," akasema. "Harafu umrete nyumbani."